Kusoma mbinu za futiboli ya Kimarekani kwenye mkanda: jicho litizame wapi?

Mpenzi wa Yadi (Wete) ameuliza:

Assalaam aleykum ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni.

Naomba kusaidiwa na wale wanaoifahamu futiboli ya Kimarekani kwa undani kuliko ushabiki. Mimi na binamu zangu wawili hapa Wete tumekuwa tukiitizama ligi ya NFL kwa misimu kadhaa sasa. Kanuni tunazijua: kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, inapewa dauni nne, yaani majaribio manne, ili isogee yadi 10, na ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Linalotushinda ni kueleza kwa nini shambulizi fulani limefanikiwa na jengine, lililoonekana kufanana nalo kwa kila kitu, limekufa palepale lilipoanzia. Tumelelewa na soka, kwa hivyo macho yetu yameshazoea kuufuata mpira, na katika mchezo huu mpira hufichwa kwa makusudi. Mara nyingi tunamkodolea macho mtu asiye na kitu mkononi, na tunapokuja kugundua, mwenye mpira ameshafika mbali.

Kilichonisukuma kuandika ni Super Bowl LVII, fainali ya NFL, ya Februari 2023, ambayo Kansas City Chiefs waliwafunga Philadelphia Eagles 38 kwa 35. Katika robo ya nne Chiefs walipata tachidauni mbili (mabao ya kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli) za pasi fupi, ya kwanza kwa Kadarius Toney na ya pili kwa Skyy Moore, na katika zote mbili mpokeaji alibaki peke yake bila ya mlinzi yeyote karibu. Baadaye ikaelezwa kwamba walimu wa Chiefs walikuwa wamekwishaliona pengo hilo kwenye mikanda kabla ya fainali. Nimezirudia picha zile mara nyingi na bado sijaona ni kitu gani hasa walichokiona.

Kwa hivyo nauliza: mtu akiwa na mkanda wa mechi mbele yake, aanze kutizama wapi? Inawezekana kutambua kwa macho kama walinzi wanakaba mtu kwa mtu au wanakaba eneo? Na ipo haja ya kuandika kila shambulizi, au inatosha kuyafuata yale makubwa? Naomba majibu yazingatie kwamba tunatumia simu na kompyuta moja ya zamani, na bando tunalinunua kwa kuhesabu.

Mkaazi wa Kikwajuni amejibu:

Waaleykumu ssalaam mwanangu, na marahaba. Nimewahi kuishi Ohio ujanani, jimbo ambalo watu wake wanaona kwamba mchezo huu ni wao na wengine wote wameazimwa. Si kiburi kitupu, kwa sababu Paul Brown, aliyeifundisha Cleveland Browns tangu ilipoanza kucheza mwaka 1946, ndiye aliyeufanya mkanda kuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya mwalimu, akawa anampa kila mchezaji alama kwa kila shambulizi alilocheza. Mwengine wa kutajwa ni Sid Gillman, ambaye familia yake ilimiliki nyumba za sinema, na ambaye alikuja kuwa bingwa wa kusoma michezo ya pasi kwenye filamu. Kwa hiyo unachokiuliza ni elimu yenye umri, na ina utaratibu wake.

Tuanze na picha yenyewe. Kamera ya televisheni huufuata mpira, na kwa kuwa imesogezwa karibu, mabeki wa mwisho na mara nyingi wapokeaji huwa wamekwishatoka nje ya picha kabla pasi haijarushwa. Yaani yule beki aliyefanya kosa, ambaye wewe unamtafuta, hayumo kabisa katika unachokitizama. Walimu hutumia mkanda mwengine, uliopigwa kutoka juu sana pembeni ya uwanja ili wachezaji wote 22 waonekane tangu mwanzo hadi mwisho wa shambulizi, na hufuatiwa na picha ya pili kutoka nyuma ya goli inayoonyesha namna safu za mbele zinavyopambana. Mwaka 2012 ndipo NFL ilipoanza kuwafungulia mashabiki wanaolipia mkanda huo. Ukiupata, hata vipande vichache tu ambavyo wachambuzi huviweka mitandaoni, utajifunza kwa saa moja zaidi ya unavyojifunza kwa mechi tatu za televisheni. Usipoupata, basi kazi yako kubwa iwe ni kusimamisha picha kabla mpira haujaanzishwa, kwa sababu hapo televisheni nayo huonyesha karibu watu wote.

Ukishasimamisha, hesabu. Kwanza hesabu mabeki wa mwisho, wale waliosimama ndani kabisa: ni mmoja au ni wawili? Wakiwa wawili, kila mmoja ana uwezekano mkubwa wa kulinda nusu au robo ya eneo la nyuma, na maana yake ni kwamba karibu na mstari wa kuanzia walinzi wamepungua mmoja, kwa hivyo kukimbia kunakuwa na nafasi nzuri. Akiwa mmoja katikati, mwenzake ameshuka kusaidia mbele, na pasi ndefu za pembeni zinapata nafasi. Halafu hesabu walinzi waliosongamana mbele ya safu ya washambuliaji na ulinganishe na idadi ya wanaoweza kuwazuia. Safu ina watu watano, na ukiongeza taitiendi mmoja, yule wa ncha ya safu anayezuia na pia kupokea pasi, wanakuwa sita. Walinzi wakiwa sita hapo mbele, mkimbiaji ana njia. Wakiwa wanane, mtu wawili hawana wa kuwazuia, na lazima washambuliaji wawe na hila fulani.

Tizama pia ni watu wa aina gani walioingia uwanjani. Walimu huutaja mchanganyiko huo kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa idadi ya wakimbiaji na ya pili idadi ya mataitiendi. Wakisema 11, yuko mkimbiaji mmoja na taitiendi mmoja, na kwa kuwa nafasi za namna hiyo ni tano, waliobaki ni wapokeaji watatu. Wakisema 12, wapokeaji ni wawili. Jambo hili lina uzito kwa sababu ulinzi hujibu kwa kubadilisha watu: mpokeaji wa tatu akiingia, kwa kawaida lainibeki mmoja (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi) hutoka na beki mwepesi wa pembeni huchukua nafasi yake, na mara baada ya hapo timu inayoshambulia inaweza kuamua kumkimbilia huyo mwepesi.

Sasa ruhusu picha iendelee, lakini usiufuate mpira. Tizama magadi, wale wawili waliomzunguka senta, mchezaji wa katikati ya safu anayeuanzisha mpira. Katika NFL, watu wa safu ya mbele hawaruhusiwi kwenda zaidi ya yadi moja mbele ya mstari kabla pasi haijarushwa, kwa hivyo miili yao husema kweli mapema kuliko mikono ya kotabeki, yule anayeongoza shambulizi na kurusha pasi. Wakisogea mbele kwa nguvu, ni mpira wa kukimbia. Wakirudi nyuma, ni pasi. Na gadi mmoja akiacha nafasi yake akakimbia kwa upande, basi mara nyingi mbeba mpira anamfuata huko huko. Malainibeki hufundishwa kusoma hilo tangu skuli za sekondari, na ndiyo maana washambuliaji nao hulitumia kuwahadaa: safu hujifanya inazuia kwa ajili ya kukimbia, kotabeki hujifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira, kisha anapasia nyuma ya migongo ya malainibeki waliopanda. Ukitaka kujua kama hadaa imefanya kazi, tizama nyayo za malainibeki katika sekunde ya kwanza. Wakisogea mbele hatua mbili, hadaa imekwishapita, hata kama pasi yenyewe baadaye ilidondoshwa.

Kuhusu kukaba mtu kwa mtu au eneo, dalili bora ni pale mpokeaji mmoja anapohama upande mmoja kwenda mwengine kabla mpira haujaanzishwa. Mlinzi mmoja akimfuata uwanja mzima, yaelekea ni mtu kwa mtu. Walinzi wakibaki, wakanyoosheana vidole na kusogea hatua moja moja, yaelekea ni eneo. Mpira ukishaanzishwa, tizama nyuso: anayekaba eneo humtizama kotabeki, anayekaba mtu humtizama mtu wake na mara nyingi humpa kotabeki mgongo. Nasema yaelekea kwa sababu walinzi wazuri wanajua kwamba unawatizama.

Na hapo ndipo penye jibu la Super Bowl yako. Eagles, mpinzani alipohamisha mpokeaji wake kuelekea upande wa pili karibu na goli, walikuwa wanapokezana: mlinzi wa kwanza anamwachia mwenzake wa upande wa pili, na yeye anachukua kazi nyengine. Ni utaratibu wenye maana, kwa sababu kumfuata mtu katikati ya msongamano ni kugongana na wenzako. Jacksonville Jaguars, waliofundishwa na Doug Pederson ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa Eagles na kabla yake msaidizi wa Andy Reid wa Chiefs, walicheza na Eagles mwanzoni mwa Oktoba 2022, na tabia hiyo ikaonekana kwenye mkanda wa mechi ile. Toney alianza kuhama kana kwamba anavuka, walinzi wakaanza kupokezana, kisha akageuka ghafla kurudi alikotoka, na mpira ukaanzishwa wakati huo huo. Aliyemwachia alidhani mwenzake anaye, na mwenzake hakuwahi kumpata. Ilikuwa yadi 5 tu. Dakika chache baadaye Moore alifanya hila ile ile kwa yadi 4. Sheria haikuvunjwa popote, maana mchezaji mmoja anaruhusiwa kuwa mwendoni mpira unapoanzishwa ili mradi hakimbilii mbele kuelekea goli la wapinzani.

Rudia picha zile tena, lakini safari hii mfunike Toney kwa kidole kwenye kioo na utizame walinzi wawili walio karibu naye.

Maalim wa Chake Chake amejibu:

Nimefurahi kuona suala la namna hii limetoka Pemba. Mimi nasomesha hisabati, na jioni nafundisha vijana soka, kwa hivyo nitajibu lile la kuandika, ambalo Mzee wa Kikwajuni hakuligusa.

Andikeni kila shambulizi, pamoja na yale yasiyo na mvuto. Makubwa peke yake yatakudanganyeni, kwa sababu shambulizi la yadi 40 mara nyingi limeandaliwa na mashambulizi matatu ya yadi mbili mbili yaliyowafanya malainibeki wapande. Daftari la mistari linatosha kabisa. Mstari mmoja uwe wa shambulizi moja, na muandike dauni, yadi zilizobaki, mahali mpira ulipo uwanjani, tarakimu mbili za mchanganyiko wa wachezaji, mabeki wa mwisho wangapi, kama kuna aliyehama, ikiwa ni kukimbia au pasi na upande gani, kisha yadi zilizopatikana. Andikeni vile vya kabla ya mpira kuanzishwa kwanza, picha ikiwa imesimama, ndipo mruhusu iendelee. Mtu akishaona matokeo, macho yake huanza kuona dalili ambazo hazikuwepo.

Mkitizama mechi za vyuo vikuu, ongezeni safu moja inayoonyesha mpira umeanzia kushoto, katikati au kulia. Katika NFL mistari midogo miwili inayoamua mahali pa kuuweka mpira imeachana kwa futi 18 na inchi 6, kiasi cha mita 5.6, kwa hivyo kila shambulizi huanzia karibu na katikati. Katika vyuo imeachana kwa futi 40, zaidi ya mita 12, na hiyo huacha upande mmoja mpana sana na mwengine mwembamba. Timu za vyuo hujenga mbinu nzima juu ya upana huo, na asiyeuandika hatoziona.

Yadi peke yake si kipimo. Yadi 3 zikipatikana kwenye dauni ya tatu inayohitaji yadi 2 ni mafanikio kamili, na yadi 8 kwenye dauni ya tatu inayohitaji 12 ni kushindwa, ingawa shabiki atapiga makofi. Kipimo kimoja kinachotumika sana ni hiki: dauni ya kwanza imefanikiwa ikileta angalau asilimia 40 ya yadi zinazohitajika, ya pili asilimia 60 ya zilizobaki, na ya tatu na ya nne zote. Wekeni alama ya ndiyo au hapana mwisho wa kila mstari, halafu mjumlishe kwa kila mchanganyiko wa wachezaji. Hapo ndipo tabia za timu zinapoanza kujitokeza, kwa mfano kwamba wakiingia na mataitiendi wawili kwenye dauni ya kwanza wanakimbia karibu kila mara.

Lakini tahadhari. Timu moja hupata takriban mashambulizi 60 au 65 kwa mechi, na dauni ya tatu yenye yadi moja au mbili zilizobaki inaweza kutokea mara tatu au nne tu. Huwezi kujenga kanuni juu ya mara tatu, na kwa sababu hiyo walimu huchambua mechi kadhaa kabla ya kusema neno. Aidha, tenganisheni mashambulizi ya dakika za mwisho timu ikiwa nyuma, maana kila timu iliyo nyuma hupasia, na hilo halikuambii chochote kuhusu mwalimu wake.

Kuna jambo jengine ambalo daftari haliwezi kulishinda. Timu nayo inajichambua, inajua daftari lako linasema nini, na inaweza kulitumia dhidi yako. Los Angeles Rams walifunga pointi 527 katika mechi 16 za msimu wa kawaida wa 2018, wakaingia Super Bowl LIII mbele ya New England Patriots, ambao kwa muda mrefu wa msimu ule walikuwa wanapenda kukaba mtu kwa mtu. Siku ya fainali, tarehe 3 Februari 2019, Patriots walikaba eneo kwa sehemu kubwa, wakapanga watu sita kwenye mstari wa mbele ili kuziba njia za pembeni ambazo Rams walizitegemea, na Rams wakatoka na pointi 3. Patriots walikuwa na 13, na hakuna Super Bowl iliyowahi kuwa na pointi chache kuliko ile. Aliyeisoma mikanda ya Patriots kwa uaminifu wiki mbili nzima alijiandaa kwa mtihani wa mada nyengine.

Kwa pembeni tu: tangu nilipoanza kuwapiga picha vijana wangu kutoka ngazi za juu kabisa za jukwaa pale Gombani badala ya kando ya mstari, nimeona nafasi baina ya mabeki na viungo ambazo sikuwa naziona kabisa. Urefu wa kamera ni nusu ya uchambuzi, kwenye soka pia.

Binti wa Tunguu amejibu:

Maalim na Mzee wangu, nawaheshimu, lakini nina hoja ya kupingana kidogo. Mimi nasoma takwimu, na naona mnawatwisha hawa vijana kazi ambayo mashine imekwishaifanya.

Wachezaji wa NFL huvaa vipande vidogo vya elektroniki ndani ya vilinda mabega, na vipande hivyo huripoti mahali kila mchezaji alipo mara 10 kwa sekunde. Ligi hutoa sehemu ya data hizo bure kila mwaka katika mashindano yanayoitwa Big Data Bowl, na mtu yeyote popote anaruhusiwa kushiriki. Mashindano ya msimu wa 2019 yaliuliza swali moja: mbeba mpira akishakabidhiwa, atapata yadi ngapi? Walioshinda walikuwa watu wawili kutoka Austria, nchi ambayo haina sifa kubwa katika mchezo huu. Hawakuingiza majina ya mbinu wala ya mipangilio. Walichukua umbali na kasi ya kila mlinzi kulinganisha na mbeba mpira na wenzake wanaomlinda, wakaiachia programu itafute uhusiano. Wakawapita watu waliokulia ndani ya mchezo.

Kwa wenye bando dogo ipo njia nyepesi zaidi. Hifadhi huria ya nflverse ina jedwali la kila shambulizi la NFL tangu msimu wa 1999: dauni, yadi, muda uliobaki, matokeo. Faili la msimu mzima likibanwa ni jepesi kuliko video ya mechi moja. Swali la Maalim kuhusu dauni ya tatu yenye yadi mbili linajibika kwa misimu 20 katika dakika chache, bila ya kuogopa uchache wa mifano. Daftari la mkono lina udhaifu mmoja mkubwa: linajibu yale tu ambayo mwandishi alifikiria kuyauliza kabla hajaanza.

Maalim wa Chake Chake amejibu:

Bi Tunguu, jedwali lako litaandika tachidauni ya Toney hivi: pasi fupi, yadi 5, pointi sita. Litakuwa kweli tupu, na kijana wa Wete atabaki na suali lake lile lile. Data za vilinda mabega zingemsaidia, lakini mtu lazima kwanza ajue kwamba walinzi wanapokezana ndipo aiambie programu itafute kupokezana. Nakubali hata hivyo kwamba kwa tabia za misimu mirefu, wewe ndiye mwenye haki, na vijana wapakue jedwali hilo walilinganishe na daftari lao.

Mpenzi wa Yadi ameandika:

Ahsanteni sana nyote. Ami wa Kikwajuni, nimefanya ulivyosema, nimemfunika Toney, na nimemwona mlinzi akiachia na kugeukia ndani huku mwenzake bado yuko mbali. Nimeiona pia kwa Moore. Bi Tunguu, binamu yangu mmoja anasoma kompyuta na tayari ameanza kulishughulikia hilo jedwali.

Limebaki jambo moja linalonitatiza. Wachambuzi husema mara kwa mara kwamba mlinzi fulani alijua mbinu inayokuja. Mfano unaotolewa kila siku ni wa Malcolm Butler wa Patriots, aliyenasa pasi ya Seattle Seahawks kwenye yadi ya mwisho katika Super Bowl XLIX. Mtu anawezaje kuona kwenye mkanda kwamba mchezaji alijua, na si kwamba alibahatisha tu? Na je, ni kweli kwamba Seahawks walifanya upumbavu kupasia pale badala ya kumpa mkimbiaji wao Marshawn Lynch akimbie?

Mkaazi wa Kikwajuni amejibu:

Umeuliza vizuri, na nitaanza na lile la mwisho, maana watu hulijibu bila ya kuhesabu.

Ilikuwa tarehe 1 Februari 2015. Seahawks walikuwa nyuma 24 kwa 28, dauni ya pili, yadi moja kufika golini, na sekunde 26 wakati mpira unaanzishwa. Walikuwa na muda wa mapumziko mmoja tu wa kuomba. Simamisha picha uhesabu kama nilivyokwambia. Seahawks wana wapokeaji watatu, taitiendi mmoja na mkimbiaji mmoja. Patriots wamewaingiza mabeki watatu wa pembeni kwa ajili ya wapokeaji hao, na wanane waliobaki ni watu wazito waliosongamana mbele. Wazuiaji wa Seahawks ni watano wa safu na taitiendi, yaani sita dhidi ya wanane. Aidha, Lynch akikimbia na kuangushwa, saa inaendelea kwenda na mapumziko yao ya pekee yanatumika, ilhali pasi ikidondoka saa inasimama na wanabaki na dauni mbili. Kwa mtazamo wangu kupasia hakukuwa upumbavu. Kilichokuwa na kasoro ni aina ya pasi: ya chini, ya haraka, kuelekea ndani ambako ndiko kwenye watu wengi zaidi, wakati pasi ya pembeni kabisa ya uwanja ingekamatwa au ingetoka nje.

Sasa Butler. Upande wa kulia wa Seahawks wapokeaji wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwenziwe, Jermaine Kearse mbele na Ricardo Lockette nyuma. Mbinu ni kwamba Kearse asogee mbele amzibie njia mlinzi wa Lockette, na Lockette akatize ndani akiwa huru. Brandon Browner wa Patriots, ambaye aliwahi kuichezea Seattle, alimshika Kearse pale pale kwenye mstari hata asisogee, kwa hivyo ule ukuta haukujengwa. Butler alikuwa nyuma yake, na ukiipeleka picha kwa mwendo wa polepole utaona ameanza kukimbilia mahali mpira utakapofika wakati Russell Wilson, kotabeki wa Seahawks, ndiyo kwanza anaurusha. Kwa kawaida beki wa nafasi ile husubiri aone mpokeaji anaelekea wapi. Yeye hakusubiri.

Mkanda unakupa hilo: nyayo zilianza lini, kuelekea wapi, na kama zilisita. Sababu ya kutosita haimo kwenye picha. Tunaijua kwa kuwa Butler mwenyewe na walimu wake walieleza kwamba Patriots walikuwa wameiigiza mbinu hiyo hiyo mazoezini kabla ya fainali, kutokana na mikanda ya Seattle, na kwamba siku ile ya mazoezi alichelewa akafungwa. Pasingekuwepo maelezo hayo, mchambuzi mwaminifu angeandika kwamba Butler aliondoka mapema, na kalamu yake ingeishia hapo. Utakuta wachambuzi wengi wenye sauti kubwa wanaoandika "alijua" kila mlinzi anapofika mapema, na "alilala" kila anapochelewa, ilhali hawajui alipewa kazi gani. Beki anaweza kuonekana ameachwa na mtu, kumbe kazi aliyopewa ilikuwa kulinda eneo la jirani, na aliyechelewa ni mwenzake asiyeonekana kwenye picha.

Kwa hivyo katika daftari mlilonalo, ongezeni safu mbili za mwisho, moja ya kilichoonekana na nyengine ya mnachokidhania, na msichanganye. Anzeni na robo ya kwanza ya Super Bowl LIII aliyoitaja Maalim, upande wa ulinzi wa Patriots peke yake, kwa sababu mashambulizi ya Rams katika robo ile ni machache na mtayamaliza usiku mmoja bila ya kumaliza bando. Mechi za moja kwa moja za Jumapili mziache kwanza kama burudani: zile za mapema huanza saa mbili usiku kwetu, na saa tatu baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, na kuchambua huku matangazo yanakatiza na mmoja wenu anasinzia hakutokuleteeni kitu. Mkimaliza robo hiyo, pigeni picha kurasa za daftari mzitume hapa, mimi nitazame nyayo na Maalim atazame hesabu.

Mpenzi wa Yadi ameandika:

Inshaallah Ami. Binamu anauliza kama tuwaandike pia wale watu sita wa mstari wa mbele mmoja mmoja kwa namba za jezi, au inatosha kuandika "sita".

Mkaazi wa Kikwajuni amejibu:

Andikeni sita, na muongeze namba za wawili wa pembeni kabisa. Hao ndio waliowekwa kuziba njia za Rams, na mtataka kujua kila mmoja wao alikwenda wapi mpira ulipoanzishwa.